Ruzuku ya kuinusuru asasi baada ya UVIKO-19: mwongozo wa kuandaa ombi kwa vikundi na asasi za kijamii Tanzania

Katika daftari la michango la kikundi ninachokitunzia hesabu kwa kujitolea, ukurasa wa Machi 2020 una alama za vyema hamsini na nne, na ukurasa wa Aprili una kumi na moja. Tarehe 17 Machi mwaka huo Serikali ilifunga shule na kusitisha mikusanyiko, zikiwemo semina, warsha na makongamano, na ingawa vyuo na kidato cha sita vilifunguliwa tarehe 1 Juni na shule nyingine tarehe 29 Juni, vikundi vingi havikurudi vilivyokuwa. Wanachama walioacha kuchangia kwa sababu biashara zao zilianguka hawakuona sababu ya kurejea, ukumbi uliokuwa ukikodishwa kwa sherehe ulikaa kimya, na wajitoleaji wenye umri mkubwa, ambao ndio waliokuwa nguzo za kazi, walikaa nyumbani kwa hofu na baadhi yao hawakutoka tena.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya viongozi wa asasi ndogo zilizo katika hali hiyo: kikundi cha kata, asasi ya wilaya, chama cha kusaidia wazee, watoto au watu wenye ulemavu. Unahusu ruzuku, yaani fedha isiyorejeshwa, inayolenga kuirudisha asasi kwenye miguu yake. Hauhusu mikopo ya halmashauri ya asilimia kumi kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambayo haina riba lakini hurejeshwa, na ambayo asasi iliyokwisha kuzama haipaswi kuikimbilia ili kulipa madeni ya zamani.

Hatua ya kwanza: tambueni fedha hiyo inaitwaje sasa

Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba UVIKO-19 si dharura ya kimataifa tena, na tangu hapo mialiko ya maombi yenye neno hilo kwenye kichwa imekuwa adimu. Hata fedha kubwa iliyojulikana mitaani kama fedha ya UVIKO, ile ya shilingi trilioni 1.3 iliyotokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa mwaka 2021, haikuwa ya asasi: ilijenga madarasa na kugharimia huduma za afya, maji na nyinginezo kupitia taasisi za Serikali. Kiongozi wa asasi anayekwenda halmashauri kuulizia mgao wake wa fedha ile anapoteza nauli.

Fedha ya kuinusuru asasi ipo, lakini imebadilisha jina. Tafuteni mialiko inayotaja kujenga uwezo wa taasisi, ustahimilivu wa asasi, kuimarisha mifumo ya ndani, au ruzuku ya uendeshaji. Hapa nchini watoaji wa ruzuku kwa asasi ni pamoja na Foundation for Civil Society na Mfuko wa Wanawake Tanzania, na kila mmoja ana vipaumbele na masharti yake yanayobadilika kwa kila awamu. Wapo pia balozi zenye mifuko midogo ya jamii, mashirika ya dini, na kampuni zinazotenga fedha kwa ajili ya jamii zinakofanyia kazi. Someni mwaliko wote mara mbili kabla ya kuandika neno lolote, na katika usomaji wa pili pigeni mstari chini ya sehemu moja tu: kile ambacho mfadhili anasema hatakilipia. Sehemu hiyo ndiyo inayoangusha maombi mengi, kwa sababu husomwa baada ya andiko kukamilika.

Hatua ya pili: nyoosheni usajili kabla ya kalamu

Asasi isiyoweza kuonyesha uhai wake kisheria haifiki mezani. Kwa Tanzania Bara, mashirika yasiyo ya kiserikali husajiliwa chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002, katika ngazi ya wilaya, mkoa au taifa, na yanawajibika kulipa ada ya mwaka na kuwasilisha taarifa ya mwaka kwa Msajili. Vyama vya kijamii husajiliwa Wizara ya Mambo ya Ndani, bodi za wadhamini husajiliwa RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), na vikundi vya kijamii hupitia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yaliweka mipaka kati ya sheria hizi, na kwa hiyo asasi iliyosajiliwa zamani kama kampuni isiyo na hisa huku ikifanya kazi za shirika lisilo la kiserikali inapaswa kuhakikisha kwamba ilihamia mahali pake. Zanzibar ina sheria yake na msajili wake, na cheti cha upande mmoja hakitoshi kufanyia kazi upande wa pili.

Tatizo la kawaida baada ya janga si kukosa usajili bali ni mapengo: taarifa za 2020 na 2021 hazikuwasilishwa kwa sababu hapakuwa na cha kuripoti, ada zimelimbikizana, mweka hazina amehama mji na jina lake bado ni la mtia saini benki. Msiyafiche mapengo haya. Nendeni kwa Msajili msaidizi wa wilaya, ambaye kwa kawaida ni Afisa Maendeleo ya Jamii, mkiwa na barua inayoeleza miaka ambayo shughuli zilisimama na kuomba utaratibu wa kulipa na kuwasilisha vilivyobaki. Itisheni mkutano mkuu, hata kama watakuja wanachama ishirini tu ilimradi akidi ya katiba imetimia, chagueni viongozi wapya, andikeni muhtasari, kisha pelekeni muhtasari huo benki kubadilisha watia saini. Benki hizi hazina haraka, na huo ndio ukweli. Tengeni mwezi mzima kwa jambo hilo peke yake. Hakikisheni pia kwamba namba ya mlipakodi ya asasi iko hai.

Hatua ya tatu: pimeni shimo

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo ninapoomba uvumilivu wa msomaji. Maombi mengi ya kujikwamua husema kwamba janga liliathiri asasi kwa kiasi kikubwa, kisha huruka moja kwa moja kwenye bajeti. Msomaji wa upande wa mfadhili amekwisha kuisoma sentensi hiyo mara mia. Anachotaka ni kuona asasi ilikuwa wapi, ikaanguka hadi wapi, ikajisaidia vipi, na nini kimebaki.

Chukueni daftari la michango, kitabu cha stakabadhi, taarifa za benki na taarifa za pesa za simu. Chagueni mwaka mmoja wa kawaida kabla ya janga, ambao kwa wengi ni 2019, na mwaka mmoja wa baada yake. Nitatumia kikundi chetu, chenye ukumbi mdogo, darasa la awali na kazi ya kuwatembelea wazee, ingawa tarakimu nimezirahisisha ili hesabu ifuatike.

Kabla ya janga, wanachama 60 walichangia shilingi 2,000 kwa mwezi, jumla 1,440,000 kwa mwaka. Ukumbi ulikodishwa mara 20 kwa shilingi 70,000, jumla 1,400,000. Harambee ya kila mwaka ilileta 2,500,000. Mapato yote yalikuwa 5,340,000. Katika mwaka wa anguko, waliochangia walikuwa 35, yaani 840,000, ukumbi ulikodishwa mara sita, yaani 420,000, harambee haikufanyika. Mapato yakawa 1,260,000, na tofauti ni 4,080,000.

Wengi huishia hapo, nao hukosea, kwa sababu kazi zilizosimama hazikutumia fedha. Nauli za kuwatembelea wazee na chai ya vikao, ambavyo kwa mwaka vilikuwa vikigharimu 780,000, havikulipwa. Ondoeni kiasi hicho, na shimo halisi linakuwa 3,300,000. Sasa onyesheni mlivyoliziba wenyewe: tuliuza viti 40 kwa shilingi 15,000 kila kimoja tukapata 600,000, na tukala akiba ya 1,200,000. Shilingi 1,500,000 zilizobaki ndizo zile ambazo mwalimu wa darasa la awali hakulipwa, posho ya 125,000 kwa mwezi kwa miezi kumi na miwili. Alivumilia mwaka huo wote, akiwafundisha watoto nje ya nyumba yake, kisha akaanza kukaanga mihogo kituo cha daladala, na watoto wakahamia kwingine au wakabaki nyumbani.

Aya hiyo moja, yenye hesabu inayofunga na mwalimu anayeonekana, ina uzito kuliko kurasa tatu za maelezo kuhusu janga lilivyoikumba dunia. Msomaji anaweza kuikagua kwa kikokotoo, na akiona mmeondoa hata gharama ambazo hazikutumika, atawaamini katika mengine.

Hatua ya nne: tenganisheni shimo na ombi

Shimo la 3,300,000 halimaanishi kwamba mnaomba 3,300,000. Shimo ni ushahidi wa kilichotokea, ilhali ombi ni gharama ya kurudisha uwezo wa kujitegemea, na mara nyingi viwili hivyo havilingani. Watoaji wengi wa ruzuku hawalipi gharama zilizokwisha kutumika wala madeni ya kabla ya mkataba, kwa hiyo posho ya nyuma ya mwalimu, pango lililolimbikizwa na mkopo wa mwenyekiti haviingii kwenye bajeti hata vikiwa vya haki. Vitajeni katika maelezo, semeni mtavimaliza vipi kwa mapato yenu wenyewe na kwa muda gani, kisha mviache.

Jiulizeni ni kitu gani kilikuwa kinaingiza fedha au kinavuta watu, ambacho kikirudi kitaendelea bila mfadhili. Kwetu lilikuwa ni ukumbi. Bila viti na huku paa linavuja, hakuna anayekodi. Bila kodi ya ukumbi, hakuna posho ya mwalimu. Bila darasa, wazazi hawaji, na bila wazazi wanachama hawaongezeki. Tulipouona mnyororo huo ndipo tukajua cha kuomba.

Epukeni mtego wa kubuni mradi mpya kwa sababu unaonekana wa kisasa. Nimesoma maandiko ya asasi zilizoshindwa kulipa umeme zikiomba fedha za kuanzisha kituo cha kompyuta. Nimesoma pia, muda mrefu baada ya watu kuacha kunawa mikono milangoni, maombi ya ndoo zenye koki, wakati ndoo za mwaka 2020 katika ofisi hizohizo zimegeuzwa za kuhifadhia unga.

Hatua ya tano: andikeni bajeti inayosimama yenyewe

Bajeti yetu, kwa tarakimu hizohizo zilizorahisishwa, ilikuwa hivi: viti 40 kwa shilingi 25,000, jumla 1,000,000, mabati, mbao na ufundi wa paa 1,350,000, posho ya mwalimu kwa mwaka mmoja 1,125,000, vitabu vya hesabu na mafunzo ya mweka hazina 300,000, ukaguzi wa hesabu 500,000, na makato ya benki, mawasiliano na nauli 225,000. Jumla ni 4,500,000.

Tazameni posho ya mwalimu. Miezi sita ya kwanza tuliomba 125,000 kamili, na miezi sita ya mwisho tukaomba nusu, 62,500, tukieleza kwamba nusu nyingine itatoka kwenye kodi ya ukumbi uliokwisha kuezekwa. Fedha ya mfadhili inapungua huku yetu ikipanda, na swali la nini kitatokea ruzuku ikiisha linajibiwa na bajeti yenyewe kabla halijaulizwa. Neno uendelevu, linalopenda kujaa katika maandiko, halikuhitajika.

Kila mstari uwe na bei iliyotoka dukani. Chukueni profoma, yaani hati za bei za kabla ya kununua, mbili au tatu kutoka kwa wauzaji wanaotoa risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, kwa sababu fundi au duka lisilotoa risiti litawatesa wakati wa taarifa. Ulizeni ofisi ya Mamlaka ya Mapato (TRA) ya wilaya kuhusu kodi ya zuio, ile mnayoikata kwenye malipo kabla ya kumlipa mtu: kwa kawaida ni asilimia 10 ya pango na asilimia 5 ya malipo ya huduma, na asasi isiyoiweka katika hesabu hujikuta inalipa mara mbili. Ikiwa mna waajiriwa wa kudumu, michango ya hifadhi ya jamii na ya mfuko wa fidia kwa wafanyakazi ni sehemu ya gharama ya mtu huyo, nayo iandikwe.

Msione haya kuomba gharama za uendeshaji. Asasi nyingi zilianguka mwaka 2020 kwa sababu miaka yote zilipokea fedha za miradi tu, bila shilingi ya pango, ya mhasibu wala ya akiba, na semina ziliposimama zikawa hazina hata fedha ya kulipia umeme. Jambo hilohilo lilijirudia mwaka 2025 pale Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje na baadaye kufunga shughuli za USAID, shirika lake la misaada: zilizoumia zaidi ni asasi zilizokuwa na mfadhili mmoja na hazina cha kushika. Ikiwa mwaliko unaruhusu asilimia fulani ya uendeshaji, ombeni yote inayoruhusiwa na mwonyeshe itatumika wapi.

Hatua ya sita: andiko lenyewe

Fuateni fomu ya mfadhili kwa mpangilio wake, hata kama mnauona hauna mantiki. Kama mwaliko unakubali Kiswahili, andikeni kwa Kiswahili; maombi yaliyotafsiriwa na kijana wa mtaani usiku wa mwisho husema mambo ambayo hata viongozi hawayajui, na wakipigiwa simu kuulizwa hubabaika. Anzeni na asasi ni nani na inamhudumia nani, kisha shimo, kisha mnyororo, kisha kazi mwezi kwa mwezi, kisha bajeti. Kila kazi itajeni na jina la cheo cha anayeisimamia. Viashiria viwe vichache na vya kuhesabika kwa macho: idadi ya siku ukumbi uliokodishwa, idadi ya watoto darasani siku ya mwisho ya kila mwezi, idadi ya wanachama waliolipa. Hivyo vitatu vinatosha.

Viambatisho ni hati ya usajili, katiba, muhtasari wa mkutano uliochagua viongozi, taarifa za benki za miezi sita au kumi na miwili, profoma, na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kwa Afisa Maendeleo ya Jamii. Msisubiri siku ya mwisho kutuma kwa mtandao.

Hatua ya saba: mkikubaliwa

Someni mkataba kwa sauti mbele ya kamati nzima kabla ya kusaini, hasa vipengele vya awamu za malipo, tarehe za taarifa, na umiliki wa vifaa. Kanuni za mashirika yasiyo ya kiserikali za mwaka 2018 zinataka mkataba wa fedha inayozidi shilingi milioni 20 uwasilishwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku kumi baada ya kusainiwa. Ikiwa ruzuku yenu inafikia kiwango hicho, thibitisheni utaratibu uliopo kwa Msajili siku hiyohiyo, kwa sababu siku kumi ni chache. Asasi zenye ruzuku ndogo nazo hufanya vema kumjulisha Afisa Maendeleo ya Jamii kwa barua.

Fedha iingie kwenye akaunti ya asasi, kamwe isipitie simu ya mwenyekiti hata kwa usiku mmoja. Kila malipo yawe na hati ya malipo iliyosainiwa na watu wawili, risiti iliyobandikwa nyuma yake, na kwa posho, karatasi ya mahudhurio yenye saini. Pigeni picha risiti za EFD siku mnazozipata, kwa kuwa wino wake hufifia, na risiti nyeupe haina faida kwa mkaguzi.

Bei zitabadilika. Mabati yakipanda, msihamishe fedha kutoka mstari mmoja kwenda mwingine kimyakimya kwa kutumaini kwamba jumla haijabadilika. Andikeni barua fupi: bei ya profoma, bei ya leo, tofauti, na mstari mnaoomba kupunguza. Yetu ilikuwa na mistari sita, na jibu la kukubali lilikuja siku ya nne. Barua hiyo na jibu lake viliingia kwenye jalada pamoja na risiti ya mabati, na mkaguzi alipofika kwenye mstari huo aliusoma, akaufunga, akaendelea.

Taarifa ya mwisho ifuate viashiria vilevile mlivyoahidi, hata vile ambavyo havikufikiwa. Ikiwa mlisema watoto 40 na wamekuja 27, andikeni 27 na sababu yake. Fedha iliyobaki, hata kama ni shilingi 37,000, iulizieni kwa maandishi. Ikiamuliwa irudishwe, irudisheni kwa njia ya benki na muambatishe hati ya kuweka fedha kwenye taarifa, pamoja na nakala moja ya jalada zima itakayobaki kwenye kabati la asasi, wala isikae nyumbani kwa katibu.